HAKI YA NJIA YA PWANI, NA ADABU ZA WAVUVI WA MSHIPI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyewatiishia waja wake bahari, wakala humo nyama mbichi na wakapita juu yake kwa vyombo vyao. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Risala hii ni fupi, nayo yahusu mas'ala ambayo watu wengi huyadharau kwa kuwa huyaona kila siku: haki ya mtu kufika pwani kuvua, na namna haki hiyo inavyopotea kwa mikono ya wenyewe walio nayo.

SABABU YA RISALA

Mvuvi mwenye ngalawa, akifungiwa diko moja, huenda akashukia jingine. Ama mvuvi wa mshipi hana chombo. Mali yake ni mshipi, ndoana, kipande cha chambo, na mwamba wa kusimama. Akipata changu wawili au tewa mmoja, watoto wake wamepata kitoweo. Mtu huyu hana haja ya kitu kingine ila njia ya kumfikisha mwambani. Njia ikifungwa, amefungiwa bahari nzima.

Na njia hizo zimekuwa chache. Kaskazini ya Mombasa, toka Nyali hata Shanzu, majumba na hoteli zimefuatana ufuoni, na njia za watu wote za kuteremkia baharini zimebaki chache na nyembamba. Kusini, upande wa Diani, hali ni hiyo hiyo. Kila njia moja iliyobaki ina thamani kubwa kwa maskini kuliko wanavyodhani wale wapitao humo kwa matembezi.

Tena hutokea haya. Siku za bamvua watu huja wengi, kwa pikipiki na magari, baada ya Isha. Vyombo huachwa mdomoni mwa njia na mbele ya malango ya watu. Mwenye nyumba akitaka kumpeleka mgonjwa wake hospitali hawezi kutoka. Hupiga honi, na wenye magari wako mwambani hawasikii. Asubuhi hukutwa vipande vya mshipi wa nailoni vimejiviringa majanini, ndoana mchangani, matumbo ya samaki yananuka, na chupa na mifuko imetapakaa. Mara ya kwanza wenye nyumba hunung'unika; mara ya pili hushitaki; mara ya tatu hupigwa mnyororo, au hutundikwa kibao cha kukataza vyombo kusimama, na akawekwa mlinzi.

Hapo ndipo pa kuzingatiwa. Yule aliyeacha uchafu hupanda pikipiki yake akaenda pwani nyingine, wala halimpati dhara. Anayebaki nje ya mnyororo ni mzee aliyekuja kwa miguu na kikapu chake, ambaye hakuziba njia ya mtu wala hakutupa hata ganda la muwa.

FASILI YA KWANZA: BAHARI NA UFUO NI VYA WATU WOTE

Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya baharini na chakula chake, hata kwa aliyehirimia Hija, kama ilivyo katika Suratul Maida, aya ya 96. Na katika Suratun Nahl, aya ya 14, ameitaja bahari kuwa ni neema iliyotiishwa kwa ajili ya wanaadamu. Samaki aliye baharini hana mwenyewe. Hummiliki yule aliyemshika. Hii ndiyo hukumu ya vitu vya mubaha katika fiqhi.

Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi ya kwamba Abyad bin Hammal alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe chumvi iliyoko Maarib, naye akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja akamweleza Mtume kwamba mahali pale ni kama maji yasiyokatika, kila afikaye huchota bila ya taabu. Mtume akairejesha chumvi ile ikawa ya watu wote. Kwa dalili hii wanavyuoni wa Shafi'i wamesema kwamba kitu kilicho wazi, kinachopatikana bila ya kuchimbuliwa, na ambacho watu wote wana haja nacho, hakihodhiwi na mtu mmoja, wala mtawala hana ruhusa ya kumkatia mtu peke yake. Bahari na samaki wake ni katika vitu hivyo.

Na sheria za serikali zetu zimekaribiana na maana hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Na Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza ndani ya mita 60 toka ukingo wa bahari shughuli zenye kudumu na zile zenye kudhuru hifadhi ya mahali hapo. Basi asidhani mtu kwamba mvuvi masikini anaomba sadaka anapotaka kufika baharini. Anataka haki yake.

FASILI YA PILI: NJIA NI NAMNA TATU

Lakini haki ya kuvua baharini si haki ya kupita popote. Hapa ndipo wengi wanapokosea, husema: Bahari ni ya Mungu, basi na njia ni ya Mungu. Njia katika fiqhi ni namna tatu, na kila moja ina hukumu yake.

Ya kwanza ni njia ipenyayo, yaani ile ya watu wote. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277 Miladia), ameeleza katika Minhaj, mlango wa sulhu, kwamba haifai kufanya katika njia hiyo jambo lolote la kuwadhuru wapitao. Na ni haramu kujenga humo baraza au kupanda mti. Haki ya kupita ni ya kila mtu, tajiri na masikini, wala hapana awezaye kuiuza.

Ya pili ni njia isiyopenya, yaani kichochoro kinachokwisha kwenye nyumba za watu. Hiyo ni milki ya wenye milango humo kwa pamoja, na mgeni hana haki ya kufanya humo kitu ila kwa ridhaa yao.

Ya tatu ni kipito katika kiwanja cha mtu. Hapo mvuvi hupita kwa idhini ya mwenyewe, iwe kwa kutamka au kwa desturi inayojulikana ya kuwa yeye yu radhi. Na idhini ni kama ariya, yaani kitu cha kuazima: mwenyewe aweza kuirudisha anapotaka, na aweza kuiwekea sharti. Akisema, piteni kwa miguu wala msilete magari, basi aliyeleta gari ameivunja idhini. Na akiendelea kupita baada ya kukatazwa, anaingia katika milki ya mtu bila ya haki.

Njia nyingi za pwani zilizodhaniwa kuwa ni za namna ya kwanza ni za namna ya tatu. Wazee walipita shambani mwa jirani miaka arubaini, kwa kuwa jirani aliona haya kuwazuia na wao waliona haya kumwudhi. Njia ile haikulindwa kwa hati wala kwa ukuta. Ililindwa kwa haya za pande mbili. Zilipoondoka haya za upande mmoja, na njia ikaondoka.

FASILI YA TATU: KUSIMAMISHA VYOMBO NJIANI

Nawawi amesema katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi, kwamba manufaa ya barabara ni kupita, na kwamba yafaa mtu kukaa humo kwa kupumzika au kwa biashara, maadamu hakuwadhikisha wapitao. Wala haihitaji idhini ya mtawala. Hukumu ya gari na pikipiki hutoka katika asili hii. Asili ya barabara ni kupita, na kusimama ni ruhusa yenye sharti. Sharti ikivunjika, ruhusa imeondoka.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kutoka kwa Muadh bin Anas Al-Juhani kwamba walikuwa katika vita pamoja na Mtume (s.a.w.), na watu wakabana mahali pa kushukia na wakakata njia. Mtume akamtuma mpiga mbiu awatangazie kwamba aliyebana makao au kukata njia hana jihadi. Na azingatie mwenye akili: watu wale walikuwa katika ibada kubwa, wameacha nyumba zao na wake zao, na juu ya hayo ujira wao ulikuwa hatarini kwa sababu ya namna walivyotua. Basi itakuwaje kwa aliyekata njia kwa ajili ya kuvua samaki?

Mvuvi aliyeacha gari mbele ya lango la mtu hana udhuru wa kusema, nilikawia kidogo tu. Mgonjwa hangoji, na mwanamke mwenye uchungu hangoji. Na ikiwa serikali imekataza vyombo kusimama mahali hapo kwa maslaha ya wapitao, yapasa kutii. Kwani kanuni iliyothibitishwa na Suyuti katika Ash-bah ni kwamba mtawala huwaendesha raia wake kwa mujibu wa maslaha, na kuacha njia wazi ni maslaha yasiyo na shaka. Aache chombo chake mbali, apitie kwa miguu.

FASILI YA NNE: UCHAFU NA DHAMANA YAKE

Ametufundisha Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo Sahihi Muslim, kwamba imani ina tanzu zaidi ya sitini au sabini, na ya chini yake ni kuondoa udhia njiani. Ikiwa kuuondoa ni katika imani, basi kuuweka ni katika nini? Na imepokewa katika Abu Daud onyo juu ya mahali patatu panapoleta laana kwa mwenye kujisaidia hapo: penye maji ya watu, katikati ya njia, na kivulini. Wanavyuoni wamefahamu kwamba sababu ni kuwaudhi watu mahali wanapopahitaji. Mwamba wa kuvulia na mchanga wa kutulia umo katika maana hii.

Wengi hudhani kwamba uchafu ni aibu tu, hauna hukumu. Sivyo. Nawawi ametaja katika Minhaj, mlango wa diya, kwamba mtu akitupa takataka au maganda ya tikiti njiani, na mtu akateleza akadhurika, aliyetupa ana dhamana kwa kauli iliyo sahihi. Ganda la tikiti huoza likesha kwa siku chache. Basi iangaliwe ndoana iliyofukiwa mchangani, yenye kungoja unyayo wa mtoto. Na kigae cha chupa. Na mshipi wa nailoni, ambao hauozi kama kamba za wazee za katani na nazi, bali hukaa miaka mingi, ukamnasa kasa, na ndege, na hata pangaboi ya mashua ya mvuvi mwenziwe. Aliyeuacha amekwenda zake na amesahau, dhamana haikusahau.

Ama mifuko ya plastiki, Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Mwenye kuja na chambo chake katika mfuko huo amekusanya makosa mawili: kuasi amri yenye maslaha, na kuidhuru pwani. Kikapu cha ukili kilimtosha babu yake.

FASILI YA TANO: WENYE KUNYAMAZA

Katika Suratul Aaraf, toka aya ya 163, Mwenyezi Mungu amesimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Wafasiri wengi wamesema ni Aila, karibu na Akaba ya leo. Watu wake walikuwa wavuvi. Walikatazwa kuvua siku ya Jumamosi, na samaki wakawa huja juu ya maji siku hiyo hiyo, wala hawaji siku nyingine. Baadhi yao wakavuka mpaka. Wengine wakawakataza. Kundi la tatu likawauliza wale wenye kukataza: Kuna faida gani kuwawaidhi watu ambao Mwenyezi Mungu atawaangamiza? Wakajibu kwamba wanatafuta udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wale wakaogopa. Adhabu iliposhuka, Kurani imetaja kuokoka kwa waliokataza, na kukamatwa kwa waliodhulumu. Ama walionyamaza, haikuwataja, na wafasiri wamehitalifiana juu yao. Kutotajwa huko ni mawaidha yatoshayo.

Na watu wa pwani wanaifahamu vizuri kupita wengine hadithi ya Nuuman bin Bashir iliyomo katika Bukhari, ya watu waliopiga kura katika jahazi. Wa chini wakawa hupita kwa wa juu kuteka maji, wakaona bora watoboe tundu upande wao wasiwaudhi wenzao. Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba wakiachwa watoboe, wataangamia wote, na wakizuiliwa, wataokoka wote. Mwamba wa kuvulia ni jahazi. Mlinzi anayefunga mnyororo haulizi nani aliyetoboa.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mtu amepita katika kiwanja alichokatazwa, akavua. Je, samaki ni halali?
Jibu: Samaki ni wake na ni halali, kwa kuwa amemtwaa katika mubaha, lakini ana dhambi ya kuingia milki ya mtu, na yampasa atubu na atake radhi. Ni mfano wa mwenye kusali katika ardhi ya kunyang'anya: sala imesihi, na dhambi iko shingoni.

Swali: Mwenye hoteli amejenga ukuta katika njia ya watu wote. Je, yafaa wavuvi wauvunje usiku?
Jibu: Haifai. Wanavyuoni wa madhehebu wamesema kwamba kila mtu ana haki ya kudai kiondolewe kilichowekwa katika njia ya watu wote, lakini mwenye kukiondoa ni hakimu, kwa kuchelea fitna. Wakusanyike, waandike, wapeleke ushahidi wa wazee, wala wasichoke. Na ushahidi wao utakuwa na nguvu ikiwa hapana wa kusimama akawajibu kwamba wao ndio walioichafua.

Swali: Uchafu nimeukuta, si wangu. Yanipasa nini?
Jibu: Dhamana si yako, na thawabu iko mbele yako. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani akaliondosha, Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamsamehe. Yule naye hakuuliza miiba ile ni ya nani.

Swali: Nikimkataza kijana hunitukana. Je, ninyamaze?
Jibu: Mkataze kwa upole, na kwa faragha kwanza, ukimwona hasikii, mwambie mzazi wake au imamu wa msikiti wake. Ukichelea dhara kubwa, uchukie moyoni na uondoke hapo. Lakini tusi moja si dhara kubwa.

KHATIMA

Yanayopasa kwa watu wa kila pwani ni haya. Wajue njia yao ni ya namna gani katika zile tatu. Na ikiwa ni ya mtu, waende kwake mchana, wazee wao mbele, wamshukuru kwa aliyowaachia na wamuulize masharti yake. Wachague mahali pa kuacha vyombo palipo mbali na malango, na kijana wa kuvilinda kwa ujira wanaochanga. Kila mvuvi aje na chombo cha kutilia mabaki yake, na asiondoke mpaka amekusanya mshipi wake uliokatika na ndoana zake, amehesabu alizokuja nazo na alizorudi nazo. Matumbo ya samaki yafukiwe au yachukuliwe. Na siku moja baada ya kila bamvua, watoke pamoja wasafishe, na mwenye nyumba awaone.

Hayo si mambo ya kugharimu mali, wala hayahitaji elimu nyingi. Mwenye kufungiwa njia kwa dhuluma ana Mola wa kumlalamikia na hakimu wa kumwendea. Ama aliyeifunga njia yake kwa mkono wake, na akawafungia pamoja naye walio dhaifu kuliko yeye, ana deni kwa kila mzee aliyerudi nyumbani na kikapu kitupu.

Mwenyezi Mungu awaafikie Waislamu wa pwani katika kuhifadhi haki zao na haki za jirani zao, na awajaalie kuwa katika wenye kuondoa udhia, si katika wenye kuuweka. Naye ndiye Mjuzi zaidi.